Mke Aliyezikwa Voi

Siku redio iliposema mpaka wa Kenya umefungwa, watu wa Lukozi walikuwa barabarani wanapakia kabichi. Ilikuwa Februari 1977. Lori lilishajaa, kamba zimeshakazwa, na Timotheo dereva alikuwa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, asijue apande au ashuke. Kabichi zile zilikuwa za Voi na Mombasa, na sasa Voi imegeuka nchi ya watu. Wanaume wakaanza kubishana, wanawake wakashika viuno. Katika kijiji kizima ni mtu mmoja tu aliyerudi nyumbani, akafunga mlango, akapiga magoti na kushukuru. Huyo ni Dorkasi, mke wa Hezekia. Alishukuru kwa Kisambaa, maana kwa Kiswahili mwenyekiti, ambaye si Msambaa, angeweza kusikia.

Anayetaka kumhukumu na amhukumu, lakini amsikilize kwanza, kwa sababu miaka yote ile hakuna aliyemsikiliza.

Dorkasi hakusoma. Baba yake, mzee wa kanisa, aliwapeleka shule ya misheni watoto wa kiume wote watatu, na yeye akampa jembe akamwambia, "Kalamu yako hii." Aliishika vizuri kalamu hiyo. Alipoolewa na Hezekia mwaka 1956, mteremko waliopewa ulikuwa mawe na magugu. Baada ya misimu mitatu ulikuwa matuta yaliyonyooka kama nywele zilizosukwa, kabichi chini, karoti katikati, miti ya plamu juu. Hezekia yeye alikuwa na sauti ya besi ambayo kwenye kwaya iliwafanya wasichana wasahau ukurasa. Kulima hakukumkaa. Binti yao wa pili alipozaliwa alishuka Mombo kutafuta kazi, akaandikwa kwenye reli, akaanza na kushindilia kokoto, akapanda hadi unyapara wa gangi la vibarua. Mwaka 1963 akahamishiwa Voi.

Voi ilikuwa ng'ambo ya mpaka, lakini siku hizo mpaka ulikuwa neno tu. Reli ilikuwa moja, posta moja. Mtu alipanda treni Mombo akashuka Voi, asiulizwe na yeyote anakwenda kwa nani. Baadaye, mwaka 1967, wakubwa waliketi wakaupa ujirani huo jina, Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Hezekia alipokuja likizo alimweleza mkewe kwa mfano.

"Ni nyumba ya wake watatu, mama Mariamu. Kenya, Uganda, na sisi. Chungu kimoja."

"Na mume ni nani?"

"Mume hayupo. Ndiyo raha yake."

Dorkasi alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Wake watatu, chungu kimoja, na hakuna mume wa kugawa," alisema. "Basi mwenye jiko kubwa ndiye atakayekula nyama, wengine watalamba mwiko."

Hezekia alicheka sana, akaenda kuwasimulia wanaume wenzake kama maneno yake mwenyewe. Lakini Dorkasi hakuwa anatania. Aliona kwa macho. Kutoka Lukozi zilikwenda kabichi, karoti na plamu. Kutoka Kenya zilikuja sabuni, blanketi, mafuta ya kupikia na viatu. Vya huku vinaoza njiani, vya kule haviozi. Mwenye vitu visivyooza anaweza kusubiri bei, mwenye kabichi hawezi. Viwanda viko kwa mke mmoja, na wenzake wanamletea mboga. Hakuhitaji shule kulijua hilo. Alikuwa na tenga lake.

Maana kila Alhamisi alivuna, na kila Ijumaa alishusha matenga mawili kwa lori hadi stesheni ya Mombo, yakapakiwa kwenda Voi kwa jina la Hezekia. Mumewe alimwambia ana mchuuzi kule, mwanamume wa Kitaita mwenye duka. Matenga yalirudi wiki ya pili, na hayakurudi matupu. Kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kama ni chumvi ya kubana kwa vidole utaweka. Hezekia aliweka mche wa sabuni, au majani ya chai, au kitambaa. Dorkasi alivitoa kimoja kimoja, akavinusa.

Mwaka 1969, msimu wa plamu, tenga moja lilirudi limeshonwa. Mdomo wake ulikuwa umepasuka wakati linakwenda, na sasa ulikuwa umezibwa kwa uzi wa katani, kwa mshono wa kuzungukazunguka, umebana, unameta. Dorkasi aliligeuza juani. Wanaume hawashoni matenga. Mwanamume tenga lake likipasuka hulifunga kamba au hulitupa. Na wanawake wa Usambaa hawashoni hivyo, wao hupitisha mara mbili na kukata. Huu ulikuwa mkono wa mwanamke anayesuka vikapu vya Kitaita, mwanamke mwenye muda, mwanamke aliyekaa kizingitini jioni na tenga la Dorkasi mapajani, anashona huku anaongea na mtu. Alimwona kabisa. Na aliyekuwa anaongea naye alikuwa na sauti ya besi.

Krismasi alimuuliza. "Baba Mariamu, nani anakushonea matenga?"

"Nani atanishonea? Fundi yupo sokoni."

"Fundi wa kiume?"

"Fundi ni fundi."

Alilipeleka kwa mama mkwe wake, bibi Efrazia, ambaye alikuwa na ulimi wa kukata ngozi. Bibi Efrazia hakulitazama tenga hata kidogo. "Mwanangu," alisema, "umeolewa na mtu wa reli. Reli ina vituo vingi. Wewe shukuru kwamba kwako ndiko inakoishia."

"Na kama haiishii kwangu, mama?"

"Basi na wewe ni kituo. Panga matenga yako."

Akapanga. Angefanya nini? Mabinti wawili walikuwa na ada, kanisa lilikuwa na michango. Lakini tangu siku ile, kila kabichi aliyoikata aliikata akijua inakwenda mezani kwa nani. Alimlimia. Alimpalilia. Kuna wanawake wanaonyang'anywa mume, basi. Yeye alinyang'anywa mume na bado akawa anampelekea mboga aliyemnyang'anya, kila Ijumaa, kwa treni.

Kisha ikaja habari ya chupa ya Mchina.

Mwaka 1973 duka la ushirika la kijiji lilijaa vitu ambavyo Lukozi haikuwahi kuviona: mabeseni yenye samaki wekundu, tochi, kalamu, na chupa za chai zilizochorwa maua makubwa ya waridi. Mwenyekiti wa kijiji, Kristofa, alisimama juu ya kreti akawaeleza. Wachina wanatujengea reli ya kwenda Zambia, alisema. Wakubwa wa zamani walikataa, wakasema reli hiyo haina faida, ndipo Mchina akajitolea. Yeye naye si tajiri kama Mzungu, anainuka tu kama sisi, ila ni mkubwa, watu wake hawahesabiki. Sasa vibarua wetu wanaojenga wanalipwa kwa fedha inayopatikana tukinunua mabeseni haya. "Kwa hiyo mama ukinunua beseni, umeweka taruma moja kwenye reli."

"Na nikinunua chupa ya chai?" Dorkasi aliuliza.

"Umeweka mbili, mama Mariamu!"

Watu walicheka. Dorkasi alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri. Kimoyomoyo alimfananisha huyo Mchina na mposaji aliyechelewa: wenzake walikuja mapema wakachukua, yeye amekuja mwisho, basi analeta zawadi nyingi. Mposaji kama huyo mpokee vitu vyake, lakini uulize atakachotaka baadaye. Hata hivyo aliinunua chupa, kwa sababu kule Kenya hazikuwepo. Hilo ndilo lililomfurahisha. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu chema kilichofika Lukozi kabla ya kufika Voi.

Aliiweka kabatini siku kumi na tano. Hezekia akaja likizo, akaisifu, na alipoondoka akaichukua. "Ya safari tu," alisema. "Zamu zetu ni za usiku, baridi."

"Utairudisha?"

"Aah, mama Mariamu! Chupa?"

Haikurudi.

Basi mtu asishangae kwamba Dorkasi, asiyejua a wala be, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote pale Lukozi katika kufuatilia habari za Jumuiya. Wanaume waliuliza habari za mpira na mvua. Yeye alimsimamisha mwenyekiti njiani. "Shikamoo mwenyekiti. Wale wakubwa watatu wamekutana?"

"Marahaba mama Mariamu. Hawajakutana. Hawaonani macho."

"Na wa Uganda?"

"Huyo ndiyo kabisa."

"Na Kenya bado wanalalamika juu ya mabehewa?"

"Mama, ungekuwa mbunge wewe!"

Alicheka naye, akaenda zake, na moyoni alimwomba Mungu: wagombane zaidi. Wengine waliomba mvua, yeye aliomba wake watatu wavunje chungu, kila mmoja aende kwao, na wanaume wa reli warudishwe walikotoka.

Lakini alipoona maombi yanachelewa aliamua kwenda mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa Januari 1977, mabehewa ya abiria yameshapungua. Alimwambia bibi Efrazia anakwenda Korogwe kumwona binti yake Mariamu, akavaa kanga mpya, akapanda lori la Timotheo hadi Mombo, na kutoka Mombo akapanda treni aliyoipakilia mboga miaka kumi na minne bila kuiona ndani. Hakulala njia nzima. Alikuwa akipanga maneno. Mwanamke aliyempangia maneno hayo alikuwa mrembo, mnene kidogo, kapaka wanja, kavaa viatu vya kisigino.

Alifika Voi mchana, jua likiwaka kama adhabu. Nje ya stesheni wachuuzi wa kike walikuwa wamekaa safu. Dorkasi alizitambua kabichi zake kabla hajamtazama mtu. Zilikuwa bado zimefungwa kwa majani ya mgomba, kwa fundo lake mwenyewe. Nyuma ya kabichi hizo alikaa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, gauni limepauka, pengo mbele, visigino vimepasuka sawasawa na vya kwake.

Hapo ndipo wivu ulipomshika barabara. Angekuwa mrembo, lingeeleweka. Mtu akiibiwa na mwenye nguvu husema, nimeshindwa. Lakini huyu! Huyu alikuwa nini ambacho yeye hakuwa?

"Kabichi hizi bei gani?"

"Karibu mama. Hizi si za hapa, tazama uzito wake. Za Lushoto hizi. Wifi yangu analima huko."

"Wifi yako?"

"Dada yake mume wangu. Dada yake mkubwa, anaitwa Dorkasi. Huyo mama anajua kulima, wee!"

Dada mkubwa. Hezekia alimzidi Dorkasi miaka mitatu. Akajiinua, akavuta pumzi, akalitoa jina lake kama mtu anayetupa jiwe. "Mimi ndiye Dorkasi."

Yule mwanamke aliruka, karoti zikamwagika. "Wifi! Jamani, wifi yangu! Shikamoo!" Akapiga magoti vumbini, akamshika mikono yote miwili, na machozi yakamtoka hapo hapo. Wenzake wakaanza kupiga vigelegele. "Wifi wa Jenoveva amekuja! Wa kabichi!" Mmoja akachukua furushi la Dorkasi kichwani, mwingine akamfuta vumbi, na maneno yote aliyoyapanga toka Mombo yakamtoka kichwani. Alisikia mdomo wake unajibu, "Marahaba."

Hezekia hakuwepo. Alikuwa njiani upande wa Mombasa na gangi lake, siku tano. Jenoveva alimpeleka kwenye kota ya reli, chumba kimoja kilichofagiwa hadi sakafu inang'aa. Mezani, juu ya kitambaa cha kufuma, ilisimama chupa ya chai yenye maua ya waridi. Jenoveva aliishika kwa mikono miwili, akammiminia.

"Hii ndiyo uliyotuletea, wifi. Naitunza kama yai. Majirani wanakuja kuiangalia."

Dorkasi alikunywa chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, akaambiwa karibu.

"Nilikuwa nakuogopa," Jenoveva alisema, amekaa chini kwenye mkeka. "Baba, kaka yako, alisema wewe ni mkali. Lakini pia nilikuwa nataka kukuona, nikuulize jambo. Marehemu alikuwaje?"

"Marehemu yupi?"

"Mke wake. Yule aliyefariki mwaka wa Uhuru, akimzaa yule binti wa pili. Wale watoto unaowalea wewe."

Nje treni ya mizigo ilipiga filimbi, na Dorkasi alishukuru, kwa sababu ilimpa muda. Kumbe yeye alishakufa. Amezikwa miaka kumi na mitano, na wala hakuarifiwa. Alikiweka kikombe chini taratibu.

"Kwa nini unamuuliza?"

"Namwonea wivu, wifi." Jenoveva aliangalia mikono yake. "Ni dhambi kumwonea wivu marehemu, najua, padri alishaniambia. Lakini baba humtaja. Nikipika mnavu anasema, mke wangu alikuwa anapika mnavu, ukila hutaki nyama. Nikikosea kufunga kabichi anasema, yeye fundo lake halikufunguka hata liangushwe kutoka kwenye treni. Anasema hakumpandishia sauti hata siku moja. Mimi napandisha sauti, wifi. Nitashindana vipi na mtu aliyekufa?"

Hata siku moja! Dorkasi alimpandishia Hezekia sauti hadi kuku walikimbia. Na mnavu wake aliula miaka ishirini bila kusema hata asante. Sifa zote alizomnyima akiwa hai alimpa huyo aliyemzika. Sasa hakujua amwonee wivu yupi, huyu aliyekaa mkekani mbele yake au yule mwema aliyelala kaburini Lukozi, mpole, asiye na visigino vilivyopasuka.

Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Lakini Dorkasi hakuwa mjinga. Akisema ukweli patakuwa na kelele, Hezekia ataitwa, na Hezekia itabidi achague. Alikitazama chumba kile, mashati yaliyopigwa pasi, kiatu cha mume kimewekwa chini ya kitanda kwa mapenzi, na akaogopa. Alijua atakachochagua. Hakuwa amesafiri siku mbili ili akakataliwe mbele ya wauza karoti.

"Alikuwa mzuri," alisema. "Mweupe. Mpole."

Jenoveva aliinamisha kichwa. "Ndivyo nilivyojua. Wifi, nikwambie siri? Mimba zangu mbili zimeharibika. Nyinyi Wasambaa mnajulikana kwa dawa. Hakuna kitu kwenu mnachokijua?"

Ndipo Dorkasi akasema lile alilosema. Desturi hiyo haikuwepo kwao, wala kwa babu zao. Aliitunga pale pale, kikombe kikiwa bado cha moto.

"Kwetu," alisema polepole, kwa sauti ya dada mkubwa, "mtu aliyefiwa na mke haoi mpaka ukoo wa marehemu umwachilie. Anarudi, anakaa nyumbani, mbuzi anachinjwa, anaachiliwa. Hezekia hakuachiliwa. Alitoroka. Marehemu hajamwacha."

Jenoveva alishika tumbo. "Kwa hiyo ni yeye?"

"Mimi sikusema."

"Ni yeye, wifi!"

"Mwanamke atakayekaa naye kabla hajaachiliwa, hatazaa. Ya tatu nayo itakwenda. Wewe ni mtu mzima, fikiri."

"Na akirudi kuachiliwa, atakuja tena kwangu?"

"Hilo ni la ukoo," Dorkasi alisema. "Ukoo bado haujakubali."

Usiku Jenoveva alimpa kitanda, yeye akalala chini. Asubuhi akampikia uji, akamsindikiza stesheni, akamjazia furushi sabuni na sukari, na macho yake yalikuwa yamevimba. Ndani ya treni Dorkasi alihisi kitu kifuani, kizito, cha moto. Alisema si majuto. Njaa tu, alisema.

Wiki nne baadaye mpaka ukafungwa, akapiga magoti, akashukuru.

Hezekia alifika mwishoni mwa Februari, ameshuka kutoka lori la Timotheo na furushi moja begani, viatu vimejaa vumbi la Taveta, kule mpakani, maana alivuka porini kwa miguu. Reli ilikuwa imegawanywa kama mali ya ndugu waliokosana: injini hizi zenu, mabehewa haya yetu. Watanzania wengi walirudishwa. Wachache walitafuta njia ya kubaki. Majirani walimjia Dorkasi mlangoni, wakamshika mkono. "Hongera mama Mariamu. Jumuiya imekufa lakini mume umempata." Naye aliwakaribisha ndizi, akitabasamu, mpaka wa mwisho alipoondoka.

Hezekia alikuwa amekaa kwenye kigoda, hajavua koti.

"Mimi nina dada?" aliuliza.

"Unaye. Ulimzaa mwenyewe."

"Dorkasi."

"Nikukumbushe na jina lake? Dorkasi. Mkubwa wako. Anajua kulima, wee."

"Umemwambia mtoto wa watu mimba zake zimeliwa na marehemu."

"Marehemu yupi?" Alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Nionyeshe kaburi, baba Mariamu. Nionyeshe nikapande maua. Mwaka wa Uhuru watu wanapandisha bendera, wewe unanizika! Nani alikuja msibani? Mlikula nini?"

Hezekia alikuwa amezeeka. Hilo Dorkasi hakuwa ameliona wakati majirani wapo.

"Alitoa vitu vyangu nje," Hezekia alisema. "Akafunga mlango. Nilimwambia ukweli, hakuniamini. Alisema nasema uongo ili nisiende kuachiliwa. Nilibisha mlango siku tatu."

Dorkasi alikuwa na swali moja. Alikuwa nalo tangu mwaka wa tenga lililoshonwa, na sasa alijua lazima aliulize, ingawa kila kitu mwilini mwake kilimwambia anyamaze.

"Angekufungulia, ungekuja?"

"Ningebaki," Hezekia alisema. "Nilishaanza kutafuta karatasi za kubaki."

Basi. Lilikuwa limetoka, likakaa kati yao kama mtu wa tatu.

"Mpaka ukifunguliwa," Hezekia alisema, "nitakwenda nikamweleze. Si haki afe akiamini vile."

"Nenda," alisema Dorkasi. "Siku ukifunguliwa, nenda. Mpaka siku hiyo jembe lile pale."

Alilima. Hakukumkaa, lakini alilima. Na kijiji kilijifunza gharama ya sala ya Dorkasi, ingawa hakikujua ni yake. Mwaka wa kwanza kabichi zilioza barabarani hadi ng'ombe wakazikataa. Lori la serikali la kuzipeleka Dar es Salaam lilikuja likiwa limechelewa siku nne, au halikuja. Sabuni ilipotea, wanawake wakafulia majani ya mpapai. Blanketi zilipasuka, hakuna za kununua. Plamu ziliiva, zikaanguka, nyigu wakala. Wenzake walipokaa kisimani na kulaani waliovunja Jumuiya, Dorkasi alijaza ndoo yake akajitwika. Chungu kimevunjika, na hata wale waliolamba mwiko sasa hawana mwiko.

Lakini mume alikuwa ndani. Hilo lilitosha, alijiambia. Watu walimwona anatembea naye kanisani Jumapili, besi imerudi kwenye kwaya. Hawakuona jioni. Kila jioni saa ya taarifa ya habari Hezekia alikwenda kwa mwenyekiti kusikiliza redio, na Dorkasi alimfuata na kanga kichwani, akakaa na wanawake, akatega sikio kuliko yeye. Kila waliposema mawaziri wamekutana Arusha kugawana mali za Jumuiya, aliutazama uso wa mumewe. Alimwonea wivu msomaji wa habari. Aliuonea wivu mpaka wenyewe, kile kizuizi cha mti kule Taveta, kwa sababu mumewe alikifikiria mara nyingi kuliko alivyomfikiria yeye. Bibi Efrazia alikufa. Mariamu akazaa wa tatu, wa nne. Miaka sita na ushee.

Novemba 1983 redio ikasema mpaka umefunguliwa. Watu walipiga makofi, Timotheo akapiga honi ya lori lisilo na tairi. Hezekia hakupiga makofi. Aliinuka, akarudi nyumbani, na Dorkasi nyuma yake. Alimwona anaingia chumbani. Alisubiri furushi.

Alitoka na panga tu, la kukatia matawi ya plamu.

"Huendi?"

"Wapi?"

"Usinichezee. Mpaka umefunguliwa."

"Ah." Hezekia alilijaribu panga kwa kidole gumba. "Nakwenda kwa nani? Jenoveva ameolewa Wundanyi. Ana watoto wawili, mapacha. Ameshasahau yote hayo."

Furaha ilimjia Dorkasi, ikafika kifuani, ikasimama. Watoto wawili. Mapacha. Alimtazama mumewe aliyekuwa ameshaanza kushuka kuelekea shambani, mabega yamelegea kama mtu aliyetua mzigo siku nyingi, si leo.

"Baba Mariamu!"

Aligeuka.

"Nani kakwambia ameolewa?"

"Watu husema."

"Watu gani?" Sauti yake ilipanda, kuku wakakimbia. "Miaka sita, watu gani? Mpaka si ulikuwa umefungwa?"